Daladala Zimalize Ruti: Wito kwa Abiria wa Dar es Salaam

Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na wakazi 5,383,728, na wengi wao hawana gari. Mabasi yaendayo haraka (mwendokasi) yalianza kubeba sehemu ya watu hao Mei 2016, lakini mkazi wa Gongo la Mboto, Chanika, Tandika au Tegeta bado anategemea Coaster au kipanya cha mtu binafsi ili afike kazini, shuleni au hospitali. Daladala ni huduma ya umma inayoendeshwa kama biashara ya siku moja moja. Humo ndimo linamozaliwa karibu kila jambo linalomkera abiria, na ni abiria wenyewe, wakiwa pamoja, wenye uwezo wa kulazimisha lirekebishwe.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mabasi ya jiji yalikuwa ya kampuni ya DMT, iliyotaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 kazi yake ikagawanywa kati ya mashirika mawili ya umma: UDA ikapewa jiji na KAMATA ikapewa safari za mikoani. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 UDA haikuwa tena na mabasi ya kutosha wala vipuri vya kuyatengeneza. Magari ya watu binafsi yakawa yanapakia abiria kinyume cha sheria, hadi serikali ilipoyaruhusu mwaka 1983. Usimamizi ulifuata polepole: mamlaka ya SUMATRA iliundwa kwa sheria ya 2001, na tangu 2019 kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Mengi ya maana yamefanyika. Daladala zina mistari ya rangi inayoonyesha ruti zake, majina ya vituo vya mwanzo na mwisho yameandikwa kwenye gari, dereva na konda wanatakiwa kuvaa sare, na nauli ina kikomo. Kwenye karatasi, jiji lina ruti. Barabarani, hasa jioni, ruti huishia pale konda anapoamua.

Sababu ni hesabu. Mwenye gari, yaani tajiri, humkabidhi dereva gari alfajiri kwa makubaliano kwamba usiku italetwa fedha fulani, kiasi kile kile kila siku. Mafuta, pancha, faini ya trafiki na chochote anachopewa mpiga debe hutoka mfukoni mwa dereva. Kinachobaki baada ya hesabu kutimia ndicho anachogawana na konda, na kisipobaki kitu wote wawili wamefanya kazi ya bure. Hesabu ikipungua siku chache mfululizo, gari hupewa mwingine, kwa maana hawakosekani vijana wanaosubiri zamu kituoni kama deiwaka. Matteo Rizzo, aliyezichunguza daladala za jiji hili kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake mwaka 2017, alionyesha wazi kwamba wengi wa wafanyakazi hao hawana mkataba na hukaa barabarani tangu alfajiri hadi usiku.

Mtu aliyewekwa katika hali hiyo hupiga mahesabu yake kwa dakika. Gari lililotoka Kariakoo saa 12 jioni likiwa limejaa hufika Banana likiwa limeshusha nusu ya abiria wake. Kwenda hadi Gongo la Mboto ni kutumia muda na mafuta kwa ajili ya watu wachache, ilhali mjini nyomi linasubiri. Konda anagonga bodi, anatangaza kwamba gari linaishia hapo, na watu waliolipa nauli kamili wanashuka gizani kutafuta gari jingine au bodaboda. Hivyo ndivyo ruti inavyokatishwa. Dereva huyo huyo, kama angelipwa mshahara, asingekuwa na haja ya kugeuzia Banana.

Asubuhi mzigo huo humwangukia mwanafunzi. Mei 2022 kikomo cha nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 kilipanda kutoka shilingi 400 hadi 500, na Desemba 2023 kikafika 600, huku mwanafunzi akiendelea kulipa 200. Maana yake ni kwamba wanafunzi watatu huleta fedha ya mtu mzima mmoja. Konda anasimama mlangoni, kwa mkono mmoja ameushika ukingo wa mlango ili mtoto asipite chini yake, na anapaza sauti: “Denti wawili tu!” Watoto wengine kumi waliovaa sare hubaki kituoni, na wenzao wameshaanza kipindi cha kwanza. Punguzo la nauli ya mwanafunzi ni sera nzuri ya taifa, lakini gharama yake imeachwa ilipwe na dereva na konda, watu wawili ambao katika mnyororo mzima ndio wenye kipato kidogo na kisicho na uhakika. Kumkaripia konda peke yake hakuwezi kumfikisha mtoto shuleni kwa wakati. Fedha ya kufidia pengo hilo inapaswa kutoka serikalini au katika halmashauri za jiji, na ilipwe kwa gari linalothibitika kuwabeba wanafunzi.

Watu wazima nao wamejifunza njia zao za kuishi na mpango huu, na njia hizo zina bei. Anayekaa katikati ya ruti, akijua kwamba magari yanayotoka mwisho wa ruti yatapita yamejaa, hupanda gari linalorudi tupu, akaenda nalo hadi mwisho na kugeuza nalo. Analipa mara mbili, shilingi 1,200 kwa safari ya 600, ili apate siti ya kumfikisha kazini. Aliyeshushwa njiani jioni hulipa nauli ya pili au bodaboda. Kwa hiyo wanaohofia kwamba usafiri wenye ratiba utakuwa ghali zaidi wanasahau gharama hizi ambazo haziandikwi kwenye tangazo lolote la nauli. Mwananchi tayari analipia huduma bora. Asichokipata ni huduma yenyewe.

Sheria za kuanzia zipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na inaweka ukomo wa kawaida wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Leseni ya LATRA inataja ruti, na kuikatisha ni kosa. Upungufu uko mahali pengine: leseni hutolewa kwa gari moja moja. Ruti nzima haina mtu anayeweza kuulizwa kwa nini saa 4 usiku hakuna gari hata moja, au kwa nini alfajiri yanapita matatu yakifuatana kisha nusu saa hakuna kitu. Kila tajiri hujibu kwa gari lake tu, na wengi hawajui hata liko wapi saa hiyo.

Miji ya jirani imeshajaribu dawa mbalimbali. Nchini Kenya, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004 chini ya waziri John Michuki zilileta mikanda, vidhibiti mwendo, sare na mstari wa njano, na miaka michache baadaye kila matatu ikatakiwa iwe chini ya chama cha ushirika (sacco) au kampuni. Usalama ulipata msukumo wa kweli, ila dereva aliendelea kumpelekea mwenye gari kiasi cha kila siku, na mbio za kugombania abiria zikabaki. Kigali ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2013 jiji liligawanywa kanda, na kila kanda ikakabidhiwa kampuni au shirikisho la vyama vya ushirika kwa mkataba. Kelele za kugombania abiria zilipungua, lakini magari hayakutosha, foleni za jioni zikawa ndefu, na mwishoni mwa 2023 serikali yenyewe ikaanza kuleta mabasi ya ziada. Mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza na mabasi 140, umetoa funzo kama hilo: njia maalumu na madereva wa mshahara havitoshi pale mabasi yanapopungua na hakuna anayewajibishwa kwa idadi yake. Mkataba wa ruti unaofaa hutaja mambo mawili kwa pamoja, namna wafanyakazi wanavyolipwa na idadi ya magari yanayopaswa kuwa barabarani kila saa.

Mabadiliko ya aina hiyo hayatashuka yenyewe kutoka ofisini. Wenye magari wana chama chao, madereva wana vyama vyao, na wote hufika panapojadiliwa nauli. Abiria, ambao ndio wengi kuliko wote, hufika mmoja mmoja au hawafiki kabisa, ingawa sheria ya 2019 imewawekea baraza lao la ushauri, LATRA CCC. Kila mtaa una mwenyekiti na mkutano wa wananchi. Usafiri uwe ajenda ya mkutano huo kama vile maji na ulinzi. Wakazi wachache wa kila kituo wanaweza kupeana zamu kwa wiki moja, wakaandika katika daftari kila gari linalopita kati ya saa 11 alfajiri na saa 3 asubuhi, saa lilipopita, kama lilisimama, na kama liliwapakia wanafunzi. Kazi kama hiyo ya jioni ionyeshe magari yaliyogeuzia njiani. Malalamiko kwamba daladala zinasumbua hayana pa kuanzia; taarifa yenye namba ya gari, ruti, mahali na saa inamlazimu ofisa kuifungulia jalada.

Ndani ya gari pia umoja hufanya kazi. Abiria mmoja anayebishana na konda hushushwa, lakini gari zima likikataa kushuka kabla ya mwisho wa ruti, dereva humaliza safari au hurudisha sehemu ya nauli. Ukataaji huo uwe wa utulivu, bila matusi na bila kumgusa mtu, kwa kuwa konda naye ana hesabu inayomsubiri. Mtu mzima aliyetangulia mlangoni anaweza kusubiri sekunde chache, watoto wapande kwanza. Wenye magari wanaolipa mshahara, na wapo, wastahili kupewa kipaumbele leseni zinapohuishwa, na wale wenye gari moja waunganishwe katika vyama vya ushirika vya ruti badala ya kufukuzwa barabarani.

Mamlaka hukusanya maoni ya wadau kabla ya kupandisha nauli. Mkutano huo utakapotangazwa tena, kila kituo kipeleke watu wake na daftari lao, nao waombe jambo moja kabla ya kuzungumzia shilingi: ruti ikabidhiwe chama au kampuni yenye jina, yenye idadi ya magari iliyoandikwa, saa ya gari la kwanza na la mwisho, na dereva na konda wanaolipwa mshahara. Nauli ijadiliwe baada ya hapo.