Servo ya bei nafuu: usinunue kilo, nunua katikati

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaokimbiza magari ya rimoti hapa Ayany ni moja: "Brathe, servo gani ya bei ya chini ina kilo nyingi?"

Jibu langu huwaudhi wengi: umeuliza swali lisilo lako. Kilo si shida yako. Shida yako ni katikati. Nipeni dakika chache nieleze, maana hapa tunazungumzia pesa za watu, na pesa zenyewe haziokotwi.

Kwanza, kwa msomaji ambaye hajawahi kufungua gari la rimoti. Servo ni kile kiboksi kidogo kinachogeuza magurudumu ya mbele. Ndani yake mna mota ndogo, gia, potenshiometa inayopima mkono wa servo umefika wapi, na saketi inayolinganisha mahali mkono ulipo na mahali ulipoambiwa uwe. Amri huja kwa njia ya mipigo ya umeme, kwa kawaida mpigo mmoja kila milisekunde 20. Mpigo wa mikrosekunde 1500 maana yake ni "kaa katikati". Ukipungua kuelekea 1000, mkono huenda upande mmoja. Ukiongezeka kuelekea 2000, huenda upande wa pili. Basi. Ni mzunguko mdogo wa programu: soma, linganisha, sahihisha, rudia.

Sasa, hizo kilo. Ukipita maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue utaonyeshwa MG996R, servo maarufu kuliko zote kwa wenye mifuko myepesi, na utaambiwa ina kilo 11. Namba hiyo inatoka kwenye karatasi ya maelezo yake: kilo 9.4 kwa volti 4.8 na kilo 11 kwa volti 6, zikipimwa kwenye mkono wa urefu wa sentimita 1. Lakini soma vizuri. Hiyo ni nguvu ya wakati mota imekwama kabisa, haizunguki tena. Ni kama kumsifu mwanariadha kwa jinsi anavyosukuma ukuta.

Je, gari lako linahitaji kilo ngapi? Gari la kipimo cha 1/10 la kukimbia kwenye vumbi lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Nusu ya uzito huo, au pungufu, iko mbele. Kugeuza matairi mawili madogo yaliyobeba uzito huo kunahitaji kama kilo moja kwa hesabu ya mkono wa sentimita 1. Zidisha mara nne kwa ajili ya mawe, makorongo na kugongana, unapata kilo 4. Futaba S3003, servo ya zamani iliyofungwa kwenye magari mengi ya 1/10, inatangazwa kuwa na kilo 3.2 tu kwa volti 4.8, na magari hayo yalikimbia. Wanaohitaji kilo 20 ni wale wenye magari ya kupanda miamba polepole au magari makubwa ya 1/8. Kama wewe si mmoja wao, unalipia misuli ambayo hutaitumia.

Tena misuli hiyo ina njaa. MG996R ikikwama kwenye volti 6 hula hadi amperi 2.5. Vidhibiti mwendo vingi vya bei ya chini huipa servo na risiva volti 5 na amperi 1 au 2 tu. Gurudumu likibanwa na jiwe, servo inavuta umeme wote, volti zinashuka, risiva inazima na kuwaka upya. Kwa muda huo gari lako ni yatima, na mota ya nyuma inaweza kuwa bado inasukuma. Mtu atalaumu rimoti, kumbe ni kilo alizozinunua mwenyewe! Kilo hazitoki hewani, zinatoka kwenye amperi.

Haya, tuje kwenye katikati.

Chukua gari lenye sentimita 26 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Magurudumu ya mbele yakikaa pembeni kwa digrii 1 tu, gari haliendi moja kwa moja tena. Linafuata duara lenye nusu kipenyo cha karibu mita 15. Ukienda mita 10 bila kugusa usukani, utakuwa umehama zaidi ya mita 3 kutoka kwenye mstari wako. Digrii moja! Kwenye kiwanja chembamba cha mtaani hapo umeshaingia kwenye mtaro.

Utasema, si nitarekebisha kwa kile kitufe cha rimoti cha kunyoosha gari? Ndiyo, kama kosa ni lile lile kila mara. Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili vizuri: kosa linalojirudia vile vile hulirekebisha mara moja ukalala, lakini kosa linalobadilika halikupi usingizi. Servo mbaya ikitoka kushoto inasimama digrii 1 kushoto mwa katikati. Ikitoka kulia inasimama digrii 1 kulia. Ukinyoosha upande huu, umeharibu ule. Dereva anabaki anapigana na gari kwenye kila mstari mnyoofu, na anaambiwa hajui kuendesha.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: kwa servo ya bei nafuu, sifa ya kwanza ni kurudi mahali pale pale. Kasi ni ya pili. Uimara wa gia ni wa tatu. Kilo zije mwisho.

Kasi nayo si mapambo. Huandikwa kama sekunde za kuzunguka digrii 60. S3003 ni sekunde 0.23 kwa volti 4.8, MG996R ni 0.17 kwa volti hizo hizo. Tofauti ni sekunde 0.06. Gari linalokwenda kilomita 36 kwa saa hupita mita 10 kila sekunde, kwa hiyo katika sekunde 0.06 limepita sentimita 60, zaidi ya urefu wake lenyewe. Ndiyo maana sisemi MG996R ni mbaya. Nasema usiichague kwa sababu ya zile kilo.

Ugumu ni kwamba MG996R hazifanani. Nakala zake ni nyingi sana, na mbili zilizokaa kwenye kisanduku kimoja zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Kwa hiyo usiamini jina. Pima. Ukiwa na Arduino, au rafiki mwenye nayo, kipimo ni hiki:

1. Bandika mrija mwembamba au njiti kwenye mkono wa servo, iwe na urefu wa sentimita 11.5 kutoka katikati ya shafti. Kwa urefu huo, kila milimita 2 kwenye ncha ni digrii 1.

2. Funga servo isitikisike, na uilishe umeme wake yenyewe, usiutoe kwenye pini ya Arduino. Waya hasi za vyote viwili ziunganishwe.

3. Kwa amri ya writeMicroseconds, tuma 1000, kisha 1500. Weka alama ncha iliposimama. Halafu tuma 2000, kisha 1500. Weka alama tena. Rudia mara kumi.

4. Pima umbali kati ya alama za pande zote mbili. Chini ya milimita 1, nunua ukimbie nayo. Milimita 2, ni ya kujifunzia. Zaidi ya hapo, irudishe au uitumie kufungulia kimlango cha banda la kuku.

Huna Arduino? Rimoti yako, risiva na betri vinatosha. Geuza usukani wote kushoto, achilia taratibu, tazama ncha; fanya hivyo kulia. Muuzaji asiyekubali kitu kipimwe amekuambia tayari anachokijua. Kama ana mzani mdogo, pima pia uzito: MG996R inatakiwa iwe gramu 55 hivi. Ikija na gramu 40, umeuziwa kitu kingine.

Mambo matatu kabla hujatoa pesa. Hesabu waya: magari mengi ya bei ya chini yana servo ya waya tano, ambayo saketi yake iko kwenye bodi ya gari, na servo ya kawaida ya waya tatu haitafanya kazi hapo bila kubadilisha bodi. Hesabu meno ya shafti: Futaba na MG996R ni 25, Hitec nyingi ni 24, Sanwa ni 23, mkono wa hii haukai kwenye ile. Na kabla ya kulaumu servo, shika magurudumu ya mbele uyatikise. Kama tairodi na bushi zimelegea, hata servo ya bei ya simu haitakunyooshea gari.

Najua kuna watakaosema, "Si ununue Savox tu umalize?" Ni servo nzuri, sibishani. Lakini servo ya mashindano ikiagizwa nje, ukaongeza usafiri na ushuru, inaweza kuzidi bei ya gari zima la kijana anayeanza. Ushauri wa namna hiyo unamfukuza mtu kwenye mchezo. Mashindano ya Safari Rally yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, watoto wengi waliona magari yakipaa kwenye vumbi la Naivasha. Tusiwaambie kwamba mlango wa kuingilia mchezo huu, hata kwa gari dogo, ni elfu kumi.

Kwa anayeanza: MG996R moja iliyopita kipimo, kilinda servo kizuri ili gia zisivunjike mkigongana, na kifaa kidogo cha pembeni cha kuipa servo volti 6 zenye amperi 3. Akikua, aweke akiba anunue servo moja ya dijitali yenye gia za chuma, kilo 6 hadi 10 za kweli, na kasi ya sekunde 0.12 au chini. Moja nzuri ni bora kuliko nne za kubahatisha.

Ukifika dukani, muuzaji akikutajia kilo, mwambie akuwashie kwanza uione ikirudi katikati.