Spotilaiti zinazodanganya

Nimekuwa kimya hapa karibu mwezi mzima. Sikuwa mgonjwa, wala sijachoka kuandika. Nilikuwa na aibu kidogo, na leo nimeamua kuitoa.

Wanaonifahamu wanajua kwamba kazi yangu ni kuandika programu, si kuchora nyumba. Lakini Kisumu ni mji mdogo. Ukishajulikana kwamba unaijua Blender, basi binamu, jirani na yeyote mwenye ploti atakuja na ramani ya msanifu mkononi akitaka "picha kama ya kweli". Ndivyo alivyonijia mama mmoja mwenye mkahawa wa samaki upande wa Dunga. Alitaka kuongeza ukumbi: paa la mita tano, meza kumi na mbili, na ukuta wa mawe mwishoni ambapo watu wangepigia picha za arusi. Picha yangu ilikuwa ya kuwaonyesha wenzake wa chama ili wakubali kumkopesha pesa.

Nikamtengenezea. Chama kikakubali. Ukumbi ukajengwa, na fundi wa stima akafunga spotilaiti zile zile nilizochora, idadi ile ile, mahali pale pale. Usiku wa kwanza simu ikalia. "Nyathina, njoo unionyeshe ile taa ya kwenye picha. Mimi siioni."

Nilikwenda nikidhani kuna waya umelegea. Hapana. Taa zote zilikuwa zinawaka. Ila meza zilikuwa na giza kiasi kwamba mteja hangeweza kuona mifupa ya ngege wake, na ule ukuta wa mawe, fahari ya picha yangu, ulikuwa bapa kama kadibodi. Mama hakupiga kelele. Alisimama tu kando yangu na ile picha iliyochapishwa kwa rangi na kutiwa plastiki, akiangalia picha, kisha ukumbi, kisha picha. Afadhali angepiga kelele.

Nilijua kosa liko wapi kabla sijafika nyumbani. Ndani ya faili langu, mbali na spotilaiti zinazoonekana, kulikuwa na taa nyingine kumi na nne zilizofichwa: moja juu ya kila meza, mbili nyuma ya ukuta. Hazina umbo, kamera haizioni, hakuna duka linaloziuza. Kila anayerenda amewahi kuziweka. Maoni yangu leo, na najua baadhi yenu mtakasirika, ni kwamba mtu akienda kukopa kwa sababu ya picha yako, taa hizo ni uongo, na sisi tuliozoea kuziita "usanii" tuache.

Nieleze kwanza kwa nini spotilaiti ndiyo taa inayotuponza kuliko nyingine. (Neno lenyewe linaniudhi. Kamusi zinatupa "kurunzi", lakini mwambie fundi wa Kondele akufungie kurunzi kwenye dari uone atakavyokutazama. Nitabaki na spotilaiti.)

Sisi tulioanza zamani tulijifunza taa kwa namna ya ajabu. Katika POV-Ray, programu niliyoanzia, spotilaiti ilikuwa pia ya namba tatu: upana wa kiini, upana wa ukingo, na namna mwanga unavyokolea katikati. Usipoongeza maagizo mengine, mwanga wake haufifii kwa umbali hata kidogo. Ukiweka meza mita moja kutoka kwenye taa au mita mia, inapata mwanga ule ule. Hesabu ilikuwa rahisi kwa tarakilishi za wakati huo na picha zilitoka. Lakini macho yetu yalizoea, na hadi leo naona watu wanaotumia programu za kisasa wakirekebisha taa mpaka zifanane na zile za zamani.

Mwanga wa kweli hupungua kwa mraba wa umbali. Johann Heinrich Lambert alishayaandika mambo haya ya kupima mwanga mwaka 1760, na wavuvi wa omena wanayajua bila kumsoma. Nenda Dunga usiku usio na mwezi uangalie taa zao ziwani. Kutoka ufukweni ni kama mji mwingine, lakini duara la maji linaloangazwa vizuri chini ya kila taa ni dogo sana. Ndiyo maana taa hukaa karibu na uso wa maji, juu ya chelezo, badala ya kupachikwa juu ya mlingoti. Mvuvi hana mwanga wa kupoteza.

Sasa chukua spotilaiti ya kawaida ya LED, wati 7, lumeni 500, mwali wa nyuzi 36. Ikiwa imetengenezwa vizuri, katikati ya mwali inatoa kama kandela 1,000. Kwenye dari ya mita tatu, meza iko mita 2.25 chini yake. Gawanya 1,000 kwa mraba wa 2.25: unapata karibu lux 200. Mteja anaona samaki, anaona pilipili, anaona bili. Ipeleke taa hiyo hiyo kwenye paa la mita tano, umbali uwe 4.25, na mezani zinabaki lux 55. Taa haijabadilika. Paa tu limepanda.

Hapo ndipo Blender inapotega mtego wake, na naupenda mradi ule, kwa hiyo msinielewe vibaya. Spotilaiti ya Blender si taa yenye kioo nyuma. Ni taa inayomulika pande zote, iliyofunikwa kwa kopo lenye tundu. Ukipunguza upana wa mwali, mwanga haukusanywi katikati. Unakatwa tu pembeni. Tochi ya kweli hufanya kinyume: kioo chake huchukua mwanga ambao ungepotea nyuma na kuusukuma mbele. Lumeni 500 zikitawanywa pande zote ni kandela 40 tu. Zikipitia kioo kizuri ni 1,000. Tofauti ya mara 25! Pia wati za Blender si wati za kwenye sanduku. Ni nguvu ya mwanga unaotoka, si umeme unaoingia. Basi mtu anaandika 7, anaona giza, anaandika 70, bado, anaandika 300, halafu anasema "hapo sawa". Sawa kwa kipimo gani? Kwa jicho lake mbele ya skrini, saa sita usiku. Mimi nilifanya hivyo hivyo, na nilipoona pembe bado zina giza, nikaleta zile kumi na nne.

Dawa ipo, na ni ya zamani. Mwaka 1986 chama cha wahandisi wa taa cha Marekani kilitoa muundo wa faili wa IES: maandishi matupu, unayoweza kuyafungua kwa kihariri chochote, yenye orodha ya pembe na kandela za kila pembe. Kama mwandishi wa programu naomba kusema kwamba huo ni muundo mzuri kuliko nusu ya ninayokutana nayo kazini. Watengenezaji wakubwa wa taa huyatoa mafaili hayo bure, na Cycles ndani ya Blender inayasoma tangu toleo la 2.80 la mwaka 2019. Ukitumia faili la IES unapata vitu ambavyo koni haina: kiini chenye mwanga mkali, pete hafifu kando yake, na ule upinde unaochorwa ukutani taa ikiwa karibu na ukuta. Upinde huo hauhitaji kuchorwa. Koni ikikatwa na ukuta wima inatoa haipabola, kama mwalimu wenu wa hesabu alivyosema mkasinzia.

Lakini mama wa Dunga hakununua taa ya mtengenezaji mkubwa. Alinunua ile iliyo kwenye duka la vifaa karibu na Kibuye, sanduku jeupe, jina ambalo hata mtandao haulijui. Faili la IES la taa hiyo halipo. Nikaazima moja ya zake, nikaifunga chumbani kwangu mbele ya ukuta, mita mbili kamili kwa kamba, nikazima kila kitu na kupima kwa kipima-lux cha rafiki anayefundisha fizikia. (Nilijaribu kwanza na simu. Simu mbili zilinipa majibu mawili.) Katikati ya mwali: lux 110. Zidisha kwa nne, ni kandela 440. Sanduku lilisema lumeni 500. Sanduku nalo, inaonekana, linarenda. Kisha nikasogeza kipima hatua kwa hatua kwa nyuzi tano tano, nikaandika namba, nikazigeuza kuwa faili la IES kwa skripti ya Python ya mistari isiyofika sitini. Kazi ya jioni moja.

Nikafuta taa zote za siri. Nikapaka kuta rangi yake ya kweli, maana kwenye picha ya kwanza zilikuwa nyeupe kuliko theluji ilhali ukumbini ni saruji ya kijivu ambayo hairudishi hata nusu ya mwanga, na juu kuna mbao nyeusi zisizorudisha karibu chochote. Nikarenda. Picha iliyotoka ilikuwa ule ukumbi wenyewe, giza lake lote. Lux 24 mezani. Sijawahi kufurahia picha mbaya namna hiyo.

Kuna jambo jingine la mahali petu. Picha za spotilaiti karibu zote mnazoziona huonyeshwa jioni, mbingu ikiwa ya buluu iliyokolea na dirisha likiwaka manjano. Hiyo ni jioni ya Ulaya ya kaskazini, ambako wakati wa kiangazi weusi huchukua muda mrefu kufika. Sisi tuko hatua chache kusini ya ikweta. Jua likizama Kisumu, una dakika 20 hivi, kisha ni usiku. Mteja wa mkahawa hula gizani kamili, si katika ile buluu. Tena ile buluu ni mwanga wa bure unaofuta makosa ya taa zako. Nimeacha kurenda saa hiyo. Narenda saa mbili usiku.

Na koni ya mwanga inayoonekana hewani? Kila mwanafunzi huiongeza, na mahali pengi ni upuuzi, kwa sababu hewa safi haionyeshi mwali. Ila sisi tuna visubi wa ziwani. Usiku ambao wametoka, hasa karibu na mwezi mwandamo, mwali wa spotilaiti nyeupe ukingoni mwa ziwa huonekana mzima kama nguzo, na nguzo hiyo huanguka kwenye supu. Kwa hiyo kwetu ni uhalisi, lakini sidhani mteja angependa kuuona kwenye picha. Mama nilimshauri achukue taa za rangi ya manjano, kama kelvini 2,700 hivi, na zielekezwe ndani, mbali na ziwa. Wadudu hupungua. Hawaishi.

Najua jibu la wenzangu wanaoishi kwa kazi hii. Picha ni ya kuuza, wanasema. Hata mpiga picha wa arusi huleta taa zake. Kweli. Mkirenda kwa ajili ya shindano au bango, fanyeni mnavyotaka, na mimi nitawapigia makofi. Lakini mpiga picha wa arusi hamwachii bibi arusi deni la chama. Wengine husema msanifu na mhandisi ndio wa kupima taa. Nao wako wapi? Kwenye kazi ya ukubwa ule hakuna mhandisi wa taa. Kuna fundi, kuna mwenye pesa, na kuna picha yangu. Fundi alifuata picha. Alifanya kazi yake vizuri kuliko mimi.

Tulirekebisha bila kununua taa mpya. Zile zile za sanduku jeupe zilishushwa kwa waya hadi mita 2.25 kutoka sakafuni. Sasa ziko mita moja na nusu juu ya meza, na 440 gawanya kwa 2.25 ni karibu lux 195. Duara la mwanga linakaribia mita moja, upana wa meza yenyewe. Za ukutani zilisogezwa kutoka mita 1.2 hadi sentimita 30 kutoka kwenye mawe, mwanga ukapita juu ya uso wake kwa ubavu na kila jiwe likapata kivuli chake. Waya na siku mbili za fundi nililipa mimi.

Kabla ya fundi kupanda ngazi nilimpelekea mama picha mpya, safari hii bila taa za siri. Aliitazama kwa muda. Akasema ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Kisha akauliza kama hii nayo nimeipima kwa kamba, nikasema ndiyo, akampigia fundi.