Noeli ya Beni: saa moja ya couvre-feu ina bei gani?

Mwezi wa Desemba ukifika, mukaaji wa Beni anategea sikio mambo mawili kwa radio: bei ya kakao na kominike ya meya. Ya kwanza inamwambia kama watoto watavaa nguo mpya. Ya pili inamwambia watatembea nazo mpaka saa ngapi.

Kominike ya sikukuu za mwisho wa mwaka si kitu cha Beni peke yake. Miji mingi ya Kongo iko nayo, na maneno yake watu wanayajua karibu kwa kichwa: petari haziruhusiwi, mabar yapunguze sauti, wazazi wachunge watoto, kila nyumba ifanye salongo mbele ya mulango wake, mugeni asiyejulikana aonyeshwe kwa chefu wa avenue. Mahali pengine watu wanaisikia, wanacheka kidogo, na wanaendelea na mambo yao. Beni hawacheki. Hapa mustari mumoja tu, ule unaosema saa ya kurudi nyumbani, unaweza kuokoa maisha ya watu, na unaweza pia kuondoa chakula kwa sahani ya mama mwenye kuchoma nyama mangaribi. Vyote viwili kwa amri ileile.

Ili kuelewa sababu gani, inafaa kurudi kwa Jumamosi ya tarehe 25 Desemba 2021. Mangaribi ya siku ile watu zaidi ya 30 walikuwa wamekaa katika In Box, bar ya katikati ya muji, wanasherehekea Noeli. Mutu mwenye kubeba bomu alifika mulangoni. Walinzi walimuzuia kuingia, akajilipua palepale. Walikufa watu wasiopungua 6, na watoto kati yao. Kama walinzi wale hawangesimama, hesabu ingekuwa nyingine. Viongozi walisema ni kazi ya ADF. Meya wa wakati ule, Kanali wa polisi Narcisse Muteba, na musemaji wa jeshi waliomba watu wabaki nyumbani na waepuke mikusanyiko. Kesho yake couvre-feu ikawekwa saa moja ya usiku, na vizuizi vikaongezwa njiani.

Haikuwa mara ya kwanza mwaka ule. Tarehe 27 Juni 2021, bomu lililipuka ndani ya kanisa katoliki la Butsili, likaumiza wanawake wawili, muda mufupi tu mbele watu wajae kwa misa. Siku ileile mutu mwingine akajilipua karibu na bar. Ofisi ya meya ikafunga shule, masoko na makanisa kwa siku mbili. Kisha, tarehe 15 Januari 2023, ikawa Kasindi, katika kanisa la kipentekoste, Siku ya Mungu, watu wako ndani ya maombi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 10. Julai 2025 ilikuwa Komanda, upande wa Ituri: waamini waliokuwa katika mukesha wa usiku waliuawa kwa wingi. Septemba 2025 ilikuwa Ntoyo, katika territoire ya Lubero, na pale watu walikuwa kwenye kilio, wanalia mufu wao.

Bar, kanisa, mukesha, kilio. Orodha hiyo inaonyesha kitu kimoja: adui anatafuta mahali watu wamekusanyika na moyo umetulia. Na sikukuu ni nini kama si watu kukusanyika na moyo kutulia? Kwa hiyo mutu hawezi kusema kwamba viongozi wanaogopa bure. Anayesema vile hakuwa Beni siku ile ya Noeli.

Ni kwa sababu hiyo pia hata katazo la petari, ambalo kwa miji mingine linaonekana kama hasira ya wazee juu ya watoto, hapa liko na maana kamili. Katika kartie kama Boikene ao Mayangose, mulio mumoja wa usiku unatosha kutoa familia nzima kitandani, na mama mwenye kubeba mutoto mugongoni hasimami kuuliza kama ilikuwa risasi ao mutoto wa jirani anacheza. Kwa jambo hili kominike haihitaji kubadilishwa hata neno.

Saa ndiyo inahitaji mazungumuzo.

Tangu 2021 muji umejifunza kufanya sikukuu wakati wa mchana. Misa ya mukesha, ile wazee wanakumbuka ilikuwa inaisha katikati ya usiku, imesogezwa kwa saa za jua mahali pengi. Korale inaimba kuzaliwa kwa Bwana Yesu wakati jua bado liko juu ya mabati, na watu wamezoea. Arusi zinaanza asubuhi. Meza ya Noeli inawekwa saa sita ya mchana: wali, sombe, kuku wa kienyeji kwa mwenye ameweza kumupata, na kasiksi kwa wakubwa. Kwa familia yenye nyumba na pato, mabadiliko haya si hasara kubwa. Wengine wanasema hata ni faida, juu baba anakula na watoto wake pahali pa kupoteza mufuko wote kwenye bar.

Lakini muji hauishi kwa watu wa meza peke yao. Kuna wale ambao mwezi wao unabebwa na saa tatu ao ine za mangaribi. Mwenye bar amekopa makreti kwa depo ya vinywaji na lazima arudishe pesa mbele ya Bonane. Mama anachoma mishikaki na ndizi kando ya barabara, na wateja wake wanaanza kuja wakati kazi za mchana zimeisha. Kijana wa taxi-moto analipa mwenye pikipiki kila siku kiasi kilekile, couvre-feu iwe saa moja ao saa ine. Kwa watu hawa, kusogeza amri kwa saa moja nyuma kunaweza kukata nusu ya pato la siku. Pesa yenyewe haipotei yote. Inahama: fundi wa kushona na saluni ya nywele zinaipata mapema, soko la Kilokwa linajaa tangu asubuhi, depo inauza kwa kunywea nyumbani. Mwenye kuuza mchana anapata zaidi kidogo, mwenye kuuza usiku anapoteza kabisa, na kominike haisemi neno juu yao wote wawili.

Mufanyabiashara anaweza kuishi na saa mbaya kama ameijua mapema. Amri ikitangazwa mwanzoni mwa Desemba, mwenye bar anakopa makreti machache, mama wa mishikaki anahamia karibu na soko, parokia inapanga misa mbili pahali pa moja. Ikitangazwa tarehe 23, wote wameshatumia pesa. Mutu mwenye nia njema atajibu kwamba usalama hauna kalenda, kwamba habari ya hatari inaweza kufika siku yoyote. Ni kweli. Lakini saa ya kawaida ya sikukuu inaweza kusemwa mapema, na watu waambiwe wazi kwamba itakazwa kama hatari imeongezeka. Tarehe 26 Desemba 2021 ilikuwa dharura, na hakuna aliyenungunika. Kufanya kila mwaka kama vile ni dharura, hilo ni jambo lingine.

Tena kominike inaangalia usiku wa muji, wakati ambapo sehemu kubwa ya hatari, na sehemu kubwa ya pesa ya Noeli, iko inje ya muji na wakati wa mchana.

Noeli ya Beni inalipwa na kakao. Mavuno makubwa yanaangukia miezi hii ya mwisho wa mwaka, na ni pale familia inapata pesa ya viatu, ya kitenge, ya minerval iliyobaki. Ni pale pia wakulima wanauawa, juu ADF wanajua kama musimu huu watu lazima waende shambani, upande wa Mbau, Oicha, Mamove ao Eringeti, na kakao iliyokauka ni mali ya kubeba. Desemba 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilipita dola 12000 kwa tani, bei ambayo haikuwa imeonekana mbele. Kwa mwaka 2025 ilishuka, karibu nusu. Hesabu ya mukulima ni ngumu zaidi: bei ikipanda, na yeye amekimbia kijiji, anasikia tu kwa radio namna wengine wanatajirika. Bei ikishuka wakati ameweza kurudi shambani, anavuna kwa woga ili apate kidogo.

Kwa hiyo mutu anayefika katika Beni mwezi wa Desemba na gunia moja ya kakao ameshavuka hatari yake kubwa mbele ya kufika kwenye kizuizi cha kwanza cha muji. Na pale kizuizini anaombwa kitu. Sikukuu ni musimu pia wa wale wenye kusimama njiani, kila mutu anajua, na kila mutu anaweka noti ndogo karibu. Kominike inayosema raia wafanye nini usiku ingeweza kusema vilevile askari wasifanye nini mchana. Mustari mumoja ungetosha, na namba ya simu ya kushtaki chini yake.

Nani ataomba mustari huo uongezwe? Kwa sheria ya mwaka 2008 juu ya miji na komini, muji unapaswa kuwa na baraza la washauri waliochaguliwa, wenye kuuliza meya maswali na kupiga kura juu ya bajeti. Beni haina baraza la namna hiyo. Uchaguzi wa washauri wa komini wa tarehe 20 Desemba 2023 ulifanyika tu katika komini za miji mikuu ya majimbo, na Beni haikuwa muji mukuu. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya état de siège: gavana ni mwanajeshi, meya ni polisi, wote wametumwa kutoka Kinshasa, na hawadaiwi kura na mutu. Mukubwa wa polisi anaandika kominike kama polisi, na hilo si kosa lake. Kazi aliyopewa ni kwamba usiku upite bila maiti. Mama wa mishikaki hayumo katika kazi hiyo.

Na muji huu una kumbukumbu yake ya Desemba. Tarehe 26 Desemba 2018, siku ine mbele ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura na nchi nzima, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Watu walipanga mustari tarehe 30 na kupiga kura ya kwao wenyewe, ya kuonyesha tu. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Novemba 2019, kisha mauaji ya usiku katika Boikene, waandamanaji wenye hasira walichoma ofisi ya meya. Si jambo la kusifu. Lakini linaonyesha inakuwa namna gani wakati maamuzi yanashuka kutoka juu, yanachelewa, na mukaaji hana mahali pa kuketi na kuuliza.

Leo uzito umeongezeka. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, utawala wa jimbo umehamia Beni. Pamoja nao wamefika wafanyakazi wa serkali na familia zilizokimbia, na nyumba za kupanga zimekuwa tabu. Wengi wao watafanya Noeli mbali na kwao, kwa jamaa ao ndani ya shule, na hawajui bado kartie gani inatulia saa ngapi. Kuwepo kwa gavana pale pale kuna faida moja: ofisi ya meya haina tena sababu ya kungoja amri ya safari ndefu. Gavana na meya, chama cha wenye taxi-moto, akina mama wa soko, maparoko na wachungaji, imamu, vijana wa shirika la raia, wote wanaweza kukutana asubuhi moja katika chumba kimoja. Mukutano wa usalama wa muji unafanyika hata hivi. Kiti cha mama wa soko ndicho kinakosa.

Siku ya Bonane, kama kila mwaka, watoto watashuka kwenye boulevard Nyamwisi katika nguo zao mpya, mikono imeshikana, viatu vingine bado ni vikubwa ili vifike mwaka unaofuata. Watanunua biskuti, watapigwa picha, watarudi mbele ya giza. Wazazi wao wanajua kuwarudisha, hakuna kominike iliyowafundisha hilo. Wanachongoja kutoka kwa ofisi ya meya ni saa, na kuisikia wakati makreti bado hayajakopwa.