Bisi za Rangi: Maji Ndani, Ukavu Nje

Bisi za rangi zenye utamu na chumvi hutengenezwa kwa vitu ambavyo majiko mengi ya Afrika Mashariki tayari yanavyo: mahindi ya bisi, mafuta, sukari, chumvi, samli, na kitu cha kutia rangi. Hazihitaji mashine wala oveni. Zinahitaji mpishi ajue tabia ya maji. Punje hupasuka kwa sababu ya maji yaliyomo ndani yake, na bisi iliyokwisha kupasuka huharibika kwa maji yanayoigusa kutoka nje. Makosa mengi yanayowakatisha watu tamaa hadi wakarudi kununua pakiti dukani yanatokana na kutolizingatia hilo.

Kazi huanza kwenye kuchagua mahindi. Bisi zina aina yake ya mahindi, yenye punje ndogo, ngumu na za kung'aa, ambayo ganda lake halivujishi mvuke kwa urahisi na wanga wake umeshikamana. Punje nzuri hubeba maji kiasi cha asilimia 13 hadi 14 ya uzito wake. Ikipata moto, maji hayo hugeuka mvuke usio na pa kutokea, wanga hulainika, na shinikizo hupanda hadi kukaribia mara 9 ya shinikizo la kawaida la hewa. Kwenye nyuzijoto 180 hivi ganda hushindwa. Mvuke hutanuka ghafla, wanga uliolainika hufura, kisha hupoa na kukauka papo hapo ukawa povu jeupe. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Ufaransa, Emmanuel Virot na Alexandre Ponomarenko, walichapisha uchunguzi uliotumia kamera za kasi kubwa. Walionyesha kuwa mlio wa bisi hutokana na mvuke unaotoka kwa nguvu, wala si kuchanika kwa ganda, na kwamba punje huruka kwa sababu kipande cha kwanza cha wanga kinachochomoza huisukuma sufuria kama mguu.

Mahindi ya ugali hayafanyi hivyo. Ganda lake huvujisha mvuke na sehemu kubwa ya wanga wake ni laini, kwa hiyo yakitiwa kwenye mafuta huishia kuwa mahindi ya kukaanga, ambayo ni kitafunwa kizuri chenyewe lakini si bisi. Mahindi ya bisi nayo yakikaa muda mrefu kwenye gunia lililo wazi hukauka kupita kiasi, na nusu yake hubaki chini ya sufuria bila kupasuka. Hayo hayafai kutupwa haraka. Vikombe 3 vya punje vikitiwa kwenye chupa pamoja na kijiko 1 cha chakula cha maji, vikafungwa, vikatikiswa mara kwa mara na kuachwa siku chache, mara nyingi hupasuka tena vizuri. Jambo ambalo halina mjadala ni mbegu za kupandia. Mbegu zinazouzwa katika maduka ya pembejeo mara nyingi hutiwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, na hupakwa rangi ili zitambulike. Hazifai kuliwa hata zikioshwa. Mahindi yenye ukungu nayo hutupwa, kwa kuwa sumukuvu haiishi kwa kukaangwa.

Ulaji wa bisi ni wa kale kuliko chombo chochote cha kisasa cha kuzitengenezea. Katika maeneo ya Paredones na Huaca Prieta, pwani ya kaskazini ya Peru, wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata mabaki ya mahindi, yakiwemo ya bisi, yenye umri unaofikia miaka 6,700 hivi. Mashine ya mvuke ya Charles Cretors wa Chicago, iliyooneshwa kwenye maonyesho makubwa ya mji huo mwaka 1893, ilikuja baada ya watu kula bisi kwa maelfu ya miaka. Sufuria na moto vinatosha.

Sufuria iwe na kitako kizito ili moto usambae sawasawa. Kwa nusu kikombe cha punje, yaani gramu 100 hivi, vijiko 3 vya chakula vya mafuta ya alizeti au ya mahindi vinatosha. Punje mbili au tatu hutangulizwa. Zikipasuka, mafuta yako tayari na zilizobaki humiminwa zote. Kifuniko kiachwe na upenyo mdogo. Watu wengi hukibana kabisa wakihofia bisi kuruka, na hapo mvuke unaotoka kwenye punje hurudi na kuzilowesha bisi zilizokwisha kuiva. Sufuria hutikiswa bila kuachwa, na milio inapoanza kupishana kwa sekunde mbili au tatu huepuliwa mara moja. Bisi humwagwa kwenye sinia pana zipumue, kisha punje zilizogoma hutolewa kwa mkono, moja moja. Hatua hiyo isirukwe, kwa sababu punje ngumu iliyofichwa ndani ya sukari inaweza kuvunja jino. Nusu kikombe cha punje hutoa vikombe 12 hadi 14 vya bisi, kiasi kinachotosha kugawanywa mafungu matatu: mawili ya sukari na moja la chumvi.

Fungu la sukari ndilo lenye ufundi, na ufundi huo si mgeni Pwani. Mpishi wa kaimati anajua shira. Mpishi wa visheti anajua kuipika hadi ifanye uzi, akaimwagia visheti na kuvigeuza mpaka sukari igande na kuwa nyeupe. Wauzaji wa mabuyu wa Mombasa na Zanzibar wamekuwa wakivika mbegu za mbuyu sukari yenye rangi nyekundu, iliki, chumvi na pilipili tangu zamani, nao ndio walimu wa kweli wa kitafunwa hiki. Tofauti ipo moja tu. Kisheti na mbegu ya mbuyu huvumilia shira yenye maji, bisi haivumilii. Shira ya uzi bado ina maji ya kutosha kuzinyausha bisi ndani ya dakika moja, zikasinyaa na kuwa kama pamba iliyolowa. Shira ya bisi lazima ipikwe kupita hapo, hadi karibu maji yote yamekwenda.

Kwa vikombe 4 vya bisi hutumika nusu kikombe cha sukari, vijiko 2 vya chakula vya maji, kijiko 1 cha chakula cha samli, robo kijiko cha chai cha chumvi, na matone machache ya ndimu. Ndimu huvunja sehemu ya sukari na kuizuia isigande chengachenga, na hivyo shira hubaki ya kioo. Asiyetia ndimu akakoroga sana atapata sukari iliyoganda mithili ya ile ya visheti, na hilo si kosa. Ni mtindo mwingine, na kwa bisi za watoto huenda ndio bora kwa sababu haunati menoni. Vitu vyote huchemshwa pamoja kwa moto wa wastani. Mapovu huwa mengi na mepesi mwanzoni, kisha hupungua na kuwa mazito. Mwenye kipimajoto husubiri nyuzijoto 145 hadi 150. Asiye nacho hudondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi: likiwa laini bado, likivutika bado, likikatika kwa mlio kama kioo ndiyo tayari. Kutoka hapo hadi kuungua ni muda mfupi sana, kwa hiyo kila kitu kinachofuata kiwe kimeandaliwa mapema. Shira ya kiwango hiki ina joto kali kuliko maji yanayochemka na hung'ang'ania ngozi. Watoto wasaidie kuchagua rangi na kupanga sinia, lakini wakati wa kumimina wakae mbali.

Bisi zinazosubiri shira ziwe na uvuguvugu, la sivyo shira huganda kabla haijaenea. Humiminwa kwa uzi mwembamba huku mwiko uliopakwa samli ukizigeuza kutoka chini kwenda juu, kwa haraka lakini bila kuziponda. Kisha hutandazwa kwenye sinia lililopakwa samli na kutenganishwa zikiwa bado moto. Mwenye oveni huzikausha kwa nyuzijoto 120 kwa nusu saa hivi, akizigeuza mara mbili au tatu. Jiko la mkaa linafanya kazi hiyo hiyo: makaa machache yaliyofunikwa jivu chini, mengine machache juu ya kifuniko, kama inavyookwa keki ya mkaa, na kifuniko kikiachwa wazi kidogo.

Rangi ndiyo inayowavutia watu kwenye bisi hizi, na ndiyo inayodai uangalifu zaidi. Rangi ya maji hutiwa kwenye shira tangu mwanzo ili maji yake yachemke na kuisha pamoja na mengine. Ya unga au ya jeli inaweza kutiwa mwishoni. Kamwe haidondoshwi juu ya bisi. Rangi za asili zinapendeza kwenye mazungumzo kuliko kwenye sufuria ya sukari, na ni vyema mpishi azijue kabla hajapoteza kilo ya sukari. Kiazi chekundu cha kachumbari, yaani bitiruti, hupoteza wekundu wake kwenye joto kali na kuwa kahawia. Rozela hutoa wekundu mzuri, lakini uchachu wake mwingi hufanya shira inate, na ikiguswa na soda ya kuokea, kwa wanaoitia kwenye shira, hubadilika na kuwa ya kijivu au kibluu. Manjano hustahimili moto lakini nayo hugeuka wekundu wa matofali ikikutana na soda hiyo. Zinazotegemewa kwenye shira ni mbili: kakao kwa kahawia, na sukari guru kwa rangi ya dhahabu, ingawa sukari guru huungua haraka kuliko nyeupe.

Anayetaka wekundu mkali, kijani au bluu hana budi kutumia rangi ya chakula ya dukani. Hakuna ubaya, ilimradi kifurushi kiwe na jina la mtengenezaji, namba ya rangi na alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Unga usio na jina unaopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye karatasi usikaribie chakula, hasa cha watoto. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha utafiti uliohusisha michanganyiko ya baadhi ya rangi za viwandani, pamoja na kihifadhi cha sodiamu benzoeti, na ongezeko la kuhangaika kwa watoto. Tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unataka chakula chenye mojawapo ya rangi sita, zikiwemo tatrazini yenye namba E102 na nyekundu ya E129, kiandikwe onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na umakini wa mtoto. Hapo ndipo bisi za nyumbani zinapoishinda pakiti: aliyetia rangi anaijua ni ipi, na anajua alitia matone mangapi. Matone mawili au matatu kwa vikombe 4 yanatosha. Rangi inayobaki kwenye ulimi na vidole imezidi.

Fungu la chumvi lisionwe kuwa la ziada, kwa maana bila hilo utamu huchosha baada ya viganja viwili. Chumvi ya kawaida huteleza na kubaki chini ya bakuli, hivyo husagwa kwenye kinu mpaka iwe unga laini kama wa muhogo. Kinachoishikisha ni mafuta, na hapa samli ni bora kuliko siagi. Siagi ina maji, kiasi cha asilimia 16 ya uzito wake, nayo hunyausha bisi. Samli haina maji ya kuhesabika. Fungu hili ndilo pia mahali pa haki pa manjano, kwa sababu rangi yake huyeyuka katika mafuta na hapa hakuna soda ya kuigeuza. Robo kijiko cha chai cha manjano katika vijiko 2 vya chakula vya samli ya moto, pamoja na pilipili ya unga kwa anayeipenda, huzifanya bisi kuwa za dhahabu yenye harufu. Macho nayo hupata mwongozo: zilizo nyekundu ni tamu, za dhahabu ni za chumvi.

Mafungu huchanganywa yakiwa yamepoa kabisa. Yakichanganywa moto, mvuke wa moja hulainisha jingine na sukari huanza kunata. Watoto walio chini ya miaka minne wasipewe bisi za aina yoyote, kwani vipande na maganda yake huweza kuziba njia ya hewa. Hewa ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja ina unyevu mwingi, na sukari huuvuta. Bisi zilizoachwa kwenye bakuli wazi hunata ndani ya saa chache. Makopo yenye vifuniko vinavyobana hutunza ukavu kwa wiki moja hivi, na ni vizuri za chumvi ziwe na kopo lake mpaka wakati wa kuandaliwa. Za chumvi zikilegea hurudi kwenye sufuria kavu yenye moto mdogo kwa dakika mbili au tatu. Za sukari hutandazwa tena kwenye sinia juu ya moto hafifu kwa dakika 10, kisha huachwa wazi zipoe kabla ya kufungiwa.