NANI AMLIPA MWALIMU WA NASARI?



Serikali yo yote ikisema yawapenda watoto, sisi hutazama kwanza makadirio ya fedha. Mwezi huu twatazama nchi mbili, Kenya na Ghana, na jinsi zinavyotumia fedha za umma kwa watoto wa miaka 4 na 5.

Ghana ilikata shauri mwaka 2007. Miaka miwili ya nasari iliunganishwa na elimu ya msingi, ambayo ni ya bure na ya lazima, na mwaka 2008 jambo hilo likatiwa katika sheria. Mwalimu wa nasari ya serikali huajiriwa na idara ile ile inayomwajiri mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wake hutoka katika hazina ya taifa. Tena ziko fedha za kuendesha shule, zinazotolewa kwa hesabu ya kila mtoto. Zilienezwa nchi nzima mwaka 2005, na mtoto wa nasari huhesabiwa pamoja na wakubwa wake.

Hatusemi Ghana ni peponi. Fedha hizo mara nyingi huchelewa kufika, madarasa yamejaa mno, na walimu wengi waliingia kazini bila mafunzo ya kutosha. Lakini mwalimu ajua mwajiri wake ni nani.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa, na serikali ikaanza kutoa fedha kwa kila mtoto. Kwa miaka ya karibuni kiwango kimekuwa Sh. 1,420 kwa mwaka. Nasari iliachwa nje. Matokeo yake, wazazi wengine waliona heri kumweka mtoto nyumbani mpaka afike umri wa darasa la kwanza, kuliko kulipia nasari wakati shule ya msingi ni bure. Nani atawalaumu?

Katiba ya mwaka 2010 ikawapa kaunti kazi ya nasari. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo yaihesabu nasari kuwa elimu ya msingi, ambayo ni haki ya bure ya kila mtoto. Haki ikaandikwa Nairobi, na gharama ikapelekwa kwa kaunti 47 bila fungu lake maalum. Kaunti moja yajenga madarasa na kuajiri walimu. Jirani yake yajenga madarasa na kusahau walimu. Tume inayowaajiri walimu wa shule za msingi haiwahusu hawa. Wengi wao ni wa kandarasi, na mshahara wabadilika mtu akivuka mpaka wa kaunti. Kazi ni ile ile, watoto ni wale wale.

Mtu akitaka kujua Kenya yatumia kiasi gani kwa nasari, itampasa akusanye vitabu 47 vya makadirio na kuvijumlisha mwenyewe. Kwa maoni yetu hilo peke yake ni jibu.

Mwezi wa Novemba 2022 wajumbe wa mataifa walikutana Tashkent kwa mwito wa UNESCO, wakapatana kwamba walau 10 kwa mia ya fedha za elimu iende kwa nasari. Kwa wastani, nchi maskini zimekuwa zikitoa kama 2 kwa mia tu. Anayejaza pengo ni mama aliye kiwandani au shambani, ambaye humlipia mtoto kutoka mshahara ule ule tunaoupigania kila mwaka.

Makadirio ya kila kaunti hupelekwa katika baraza lake kabla ya tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Kila tawi litume wajumbe wawili. Waulize: fungu la nasari ni shilingi ngapi? Kati ya hizo, mishahara ni ngapi na majengo ni ngapi? Walimu wangapi ni wa kandarasi, na tangu mwaka gani? Majibu yaletwe kwa Katibu kwa maandishi, tuyachapishe hapa, kaunti kwa kaunti.