Karatasi ya utabiri wa mvua haitoshi kuamua siku ya kupanda

Kila mwaka, mwezi wa 8 ukielekea kuisha, karatasi ya utabiri wa msimu inaanza kutembea. Inafika kwa simu ya prezida wa kooperative, inatumwa kwa wanamemba, na jioni ile ile mtu anasema kwa sauti: "Mwaka huu mvua iko mingi, tupande mapema." Siku mbili kisha, depo inafunguliwa na mbegu zinagawanywa. Sisi ma-agronomu tunaotembea na kooperative za pwani ya Ziwa Tanganyika, tangu bonde la Ruzizi na Uvira mpaka Fizi na Kalemie, tunaona kwamba haraka ile inaweza kula mbegu za msimu mzima. Karatasi yenyewe haina ubaya. Shida ni kwamba tunaiuliza kitu ambacho haijui.

Tuanze na namba zake, kwani ndizo zinasomwa vibaya kuliko yote. Karatasi inasema kwa mfano: 45 kwa mia juu ya kawaida, 35 kawaida, 20 chini ya kawaida. Wengi wanasikia tu "juu ya kawaida" na wanafunga masikio. Kwenye mkutano wa kooperative, fanyeni hivi: wekeni punje 20 za maharagi ndani ya kikapu, 9 nyekundu, 7 nyeupe, 4 nyeusi. Mama mmoja afunge macho, achote punje moja. Nyekundu ni mvua mingi, nyeupe ni mvua ya kawaida, nyeusi ni mvua kidogo. Arudishe, mwingine achote. Mtaona nyeusi ikitoka, na hakuna aliyedanganya. Utabiri wa 45 kwa mia maana yake ni ile: mvua mingi ndiyo inayotazamiwa zaidi kuliko zingine, lakini mara 11 kwa 20 itakuwa kitu kingine. Na hiyo "kawaida" pia si kumbukumbu za wazee. Ni hesabu ya mvua za miaka 30, siku hizi ni tangu 1991 mpaka 2020.

Kuko jambo lingine ambalo kwa mkulima ni kubwa kupita lile la kwanza. Utabiri wa miezi mitatu unahesabu jumla ya mvua yote, kama mtu anayehesabu mshahara wa mwaka bila kusema ulilipwa siku gani. Mvua ya mwezi wa 10, wa 11 na wa 12 inaweza kuwa juu ya kawaida, na hata hivyo mahindi yakauke: mvua mbili za kwanza zinanyesha, jua linapiga siku 15, kisha maji yote yanashuka kwa wiki tatu za mwisho. Karatasi itakuwa imesema kweli, na shamba litakuwa tupu.

Tupige hesabu. Tuseme kooperative yenu iko na wanamemba 80, kila mmoja nusu hekta ya mahindi. Ni hekta 40, na kwa kilo 25 kwa hekta ni tani moja ya mbegu. Wote wakipanda kwa mvua ya kwanza ya mwezi wa 9 juu karatasi imeahidi "mingi", jua likikamata wiki mbili, ile tani imekwenda. Kama mbegu zilichukuliwa kwa deni, deni linabaki palepale, na kupanda tena kunadai deni la pili. Mwezi wa 10 mbegu nzuri hazipatikani tena madukani. Mtu ananunua mahindi ya kula sokoni na kuyatia udongoni. Kila mmoja wenu anajua mavuno yake yanakuwa namna gani.

Kwa hiyo siku ya kupanda isitoke kwa karatasi. Itoke kwa udongo. Tunasema ngojeni mpaka siku mbili ao tatu zifuatane zilete milimeta 20 mpaka 25, na ukichimba kwa jembe unyevu ufike urefu wa kiganja. Milimeta moja ni litre moja ya maji kwa kila meta mraba. Mkebe wowote wenye kuta zilizosimama sawasawa, uliowekwa uwanjani mbali na miti na mapaa, pamoja na rula ya mtoto wa shule, unatosha kupima. Si lazima kungojea pluviometa ya mradi.

Wengine watauliza: basi karatasi ni ya nini? Ni ya kuamua mambo ya depo, yale yanayoamuliwa kabla ya mvua. Kama punje nyekundu ni mingi, nunueni dawa za kuhifadhi na turubai mapema, kwani maharagi yatavunwa kwenye unyevu na yataoza mkiyaanika chini. Mifereji isafishwe mwezi wa 9, si siku maji yanapoingia. Kama nyeusi ni mingi, sehemu ya mahindi ya muda mrefu ibadilishwe kwa yale ya siku 90 hivi, na muongeze mihogo na viazi vitamu. Na hata siku moja msiweke mbegu zote upande mmoja. Kooperative inayopanda nusu kwa mvua ya kweli ya kwanza na nusu siku 10 ao 15 baadaye haitapata mavuno makubwa kuliko wote. Lakini hatuoni namna itakosa yote kwa jua moja.

Sasa, karatasi gani? Hapa pwani yetu kuko mchanganyiko ambao watu wa Kinshasa hawaujui. Uvira inatazamana na Bujumbura, kwa hiyo wengi wanasikia utabiri wa Burundi, ambayo inahesabiwa katika ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha nchi 11 za Afrika ya Mashariki na Pembe ya Afrika. Kongo haimo katika nchi zile 11. Ramani yao ikipakwa rangi ya kijani mpaka mpakani, watu wanaivusha wenyewe kwa macho mpaka Fizi. Huko Kalemie wanasikia redio za Tanzania zikisema juu ya vuli, na vuli ile inahusu zaidi pwani ya bahari na sehemu za Ziwa Victoria, mbali kabisa na Lukuga. Kongo iko na METTELSAT yake, na kwa upande wa nchi za SADC iko katika mkutano wa SARCOF unaotoa utabiri kabla ya msimu. Lakini hata hizo zinapaka rangi moja kwa eneo kubwa sana, na pwani yetu ni ukanda mwembamba chini ya milima. Bonde la Ruzizi linapata mvua kidogo kuliko milima ya Itombwe inayolitazama. Ramani haioni tofauti ile. Mkulima wa Kiliba anaiona kila siku kwa macho.

Neno El Niño nalo limekuwa kama jina la mgeni anayeogopwa katika kila kijiji. Ni kweli, bahari ya Pasifiki ikipata joto, na hasa kama Bahari ya Hindi upande wa Afrika nayo inapata joto, mvua za mwisho wa mwaka upande wa mashariki mara nyingi zinazidi. Ilikuwa vile mwaka 1997. Lakini mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu sana, na sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki hazikupata mafuriko kama ya 1997. Na mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu imetulia, lakini Bahari ya Hindi peke yake ilileta mvua za ajabu. Maafa ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, yalitokea mwanzo wa mwezi wa 5 mwaka 2023, wakati El Niño ya mwaka ule ilikuwa haijatangazwa. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 4 mwaka 2020, Mulongwe ilipoingia katika nyumba za Uvira, karatasi ya mwezi wa 10 mpaka 12 ilikuwa imekwisha zamani. Mto unajazwa na mvua ya usiku mmoja mlimani. Kwa hatari ile, ni onyo la siku moja ao mbili ndilo linaokoa, pamoja na mtu wa mlimani mwenye simu.

Bado ziwa. Wanaolima ukingoni wanatazama maji mwezi wa 10 ao wa 11, wanaona mchanga mrefu, wanapanda mihogo mpaka chini. Ndio wakati ziwa liko chini kuliko miezi mingine. Kila mwaka linapanda karibu sentimeta 80 mpaka mwezi wa 4 ao wa 5, na miaka ya mvua mingi linazidi hapo: mwaka 2021 na 2024 watu wa Uvira, Kalemie na Bujumbura waliona maji ndani ya nyumba. Maji ya ziwa yana mlango mmoja tu wa kutokea, Lukuga, na mengine yote yanaondolewa na jua na upepo, polepole. Ziwa likiisha kupanda, halishuki kwa mwezi mmoja. Mihogo inadai miezi 9 ao 12. Kwenye ukanda ule wekeni mboga na maharagi ya siku 70, mvune kabla maji hayajarudi.

Kwa wanaoleta misaada, na hapo sisi wenyewe tunahusika, tuko na neno moja. Mbegu za msimu A zinazofika mwezi wa 11 hazina utabiri unaoweza kuzisaidia. Komite za kooperative ziwe na haki ya kuzikataa kwa barua, ao kuziweka kwa msimu B, bila kuogopa kwamba mwaka ujao jina lao litafutwa kwenye orodha. Na utabiri ukiletwa, uletwe kwa Kiswahili, pamoja na zile punje 20, si ramani ya rangi tu.

Kabla ya tarehe 15 mwezi wa 9, tunaomba kila kooperative ichague watu wawili, mmoja wa bonde na mmoja wa mlimani, wa kupima mvua kila asubuhi saa moja na kuandika. Daftari linunuliwe na mfuko wa kooperative, libaki ofisini, lisiwe la mtu. Agronomu akipita, mumuonyeshe lile kwanza, kabla hajafungua simu yake.