Sinema na Usiku wa Garissa

Pakitajwa historia ya majumba ya sinema katika Afrika ya Mashariki, ndugu msomaji, hutajwa Mombasa, hutajwa Unguja, hutajwa Tanga na Dar es Salaam. Garissa haitajwi. Wako wanaosema sababu ni dini: kwamba Msomali ni Mwislamu, na Uislamu na filamu haviketi jamvi moja.

Hoja hiyo ni dhaifu. Unguja ni ya Waislamu tangu dahari, na pale Vuga jumba la Royal lilijengwa mwaka 1921, likaungua 1954, na mwaka uliofuata likasimama jipya kwa jina la Majestic. Watu walisali magharibi kisha wakaenda kumtazama Raj Kapoor katika Awara. Palikuwa hata na maonyesho ya wanawake peke yao, stara ikahifadhika. Na Mogadishu, mji wa Wasomali wenyewe, sinema zilijaa watu kabla ya vita vya 1991.

Kilichoinyima Garissa si dini bali ni usiku. Sinema ni biashara ya usiku. Mwenye jumba huuza tikiti maduka yakishafungwa, watu wakawa na nafasi ya kutembea. Sasa tazama. Sheria za kikoloni za mwaka 1902 na 1934 ziliufunga mkoa wote wa kaskazini, mtu wa nje asiingie ila kwa ruhusa. Matajiri wa Kihindi waliotia fedha zao katika sinema za pwani wangejengaje jumba la mamia ya viti mahali ambapo hata msafiri hudaiwa cheti? Uhuru ulipopatikana, haukutimiza mwezi mmoja ila hali ya hatari ikatangazwa huko, Desemba 1963, nayo haikuondolewa hadi 1991. Miaka karibu ishirini na minane! Mnamo Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, askari waliteketeza mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wananchi katika uwanja wa shule ya msingi, juani, bila chakula wala maji. Katika mji wa namna hiyo nani atamwambia mwanawe atoke baada ya isha akatazame picha?

Kiu ya filamu ilikuwapo, na ushahidi wake uko Dadaab, ndani ya Garissa hiyo hiyo. Shirika la FilmAid lilipoanza kazi katika kambi za wakimbizi huko mwaka 2006, lilitundika kitambaa cheupe nje, na watu wakaja kwa makundi, wazee kwa watoto. Nyingi zilikuwa filamu za mafunzo ya afya na usalama, si za mahaba, na bado walikuja.

Kisha Garissa ikawa mji wa chuo. Mwaka 2011 chuo cha ualimu kiligeuzwa chuo kikuu kishiriki, vijana wakaja kutoka pembe zote za Kenya. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Serikali ikapiga marufuku kutembea tangu magharibi hadi asubuhi, Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Usiku ukafungwa tena. Chuo kilifunguliwa Januari 2016, na 2017 kikawa chuo kikuu kamili.

Vijana hao na wenyeji wao husoma pamoja mchana. Jioni kila mmoja kwao. Ukumbi wa kuonyeshea filamu ungewaketisha pamoja, na kaunti ina bajeti yake tangu 2013. Masheikh wana haki ya kuuliza nini kitaonyeshwa na nani ataketi wapi, na maswali hayo pwani yaliwahi kupata majibu. Hoja ya usalama ni nzito zaidi, siibezi. Lakini Mogadishu, mji ulioumia kuliko Garissa, ulionyesha tena filamu katika Jumba lake la Taifa la maonyesho Septemba 2021, baada ya miaka thelathini, na watazamaji walipita vizuizi vya askari, wakanunua tikiti, wakaketi.